Kiroba Hakiruki

Siku niliyopata leseni ya pikipiki nilikwenda moja kwa moja uani kwa mama, nikaiweka juu ya ungo aliokuwa akipetea mchele. Akaitazama mbele na nyuma, akasema picha imetoka vizuri, akaisogeza pembeni na kuendelea kupeta.

"Sasa nitakupeleka Msimbati mwenyewe," nikamwambia.

"Peleka sare zako," akajibu. "Mie bado nina kazi na mifupa yangu."

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini. Nashona sare za shule na nguo za harusi, na pikipiki niliinunua ili nizifikishe vijijini mwenyewe bila kumbembeleza mtu. Lakini ukweli ni kwamba zaidi ya sare, nilitaka mama apande nyuma yangu. Mama ni somo. Ndiye anayewafunda mabinti wa ukoo wetu wanapokaribia kuolewa, na mjukuu wa dada yake wa Msimbati alikuwa anaolewa msimu huo wa korosho. Wanawake wote wa harusini wangeona anashuka kwenye chombo cha nani. Nilitaka kiwe changu, tena nilitaka mpaka nikawa naongea peke yangu kwenye cherehani.

Mtihani wa leseni ulikuwa wa kupita kati ya koni, kuchora nane kwenye uwanja mgumu na kusimama juu ya mstari. Niliuweza wote. Wiki hiyohiyo nikaingia njia ya mchanga na mzigo wa sketi za shule, nikaanguka nao. Nilikung'uta sketi moja moja nikiwa na hasira, kisha nikampigia mwalimu wangu wa udereva, nikamwomba anifundishe yale ambayo mtihani haukuyauliza.

Mwalimu ni Mmakonde wa Newala, mwembamba, mwenye utani usioisha. "Wenzako wakishapata leseni wananikimbia hata sokoni," akasema. "Wewe umerudi. Haya, njoo na nguo usizozipenda."

Sikumwelewa mpaka tulipofika upande wa Naliendele, kwenye vijia vya mashamba ya mikorosho. Watu walikuwa wameokota korosho zao na kuyaacha mabibo, yale matunda yenye maji, yametapakaa njiani, mengine yameshapondeka. Mwalimu akaniambia niende mpaka pale na nisimame. Nilifanya kama uwanjani: nikaminya breki ya mkono kwa nguvu. Gurudumu la mbele likaniponyoka na mimi nikakaa juu ya mabibo kama mtu aliyekaribishwa. Mtoto gani wa Mtwara asiyejua kwamba bibo linateleza? Na fundi gani wa nguo asiyejua kwamba doa la bibo halitoki? Yote mawili niliyajua tangu utotoni, nikayasahau kwa sababu nilikuwa na leseni.

Nikajifunza kuipunguza kasi mapema, kwa gia, na kuigusa breki taratibu. Nilirudi mjini nanuka bibo na nikicheka mwenyewe barabarani.

Baada ya hapo ukaja mchanga, na hapo ndipo nilipoupenda mchezo huu. "Macho mbali," mwalimu alikuwa akipiga kelele kutoka pembeni. "Mikono ilegee. Pikipiki ikicheza, iache icheze, wewe vuta moto." Moyo wako wote unakuambia upunguze, na ukipunguza tu, tairi la mbele linazama. Nilizama mara nyingi hata sikumbuki ngapi. Kisha siku moja nikavuta moto na sikuachia. Pikipiki ikayumba kidogo, ikanyanyuka, ikaanza kuelea juu ya mchanga, na mimi nikapiga kigelegele ndani ya helmeti kama niko harusini. Nilifurahi kuliko siku ya leseni. Nikageuza nikapita tena, na tena, mpaka mwalimu akaniuliza kama mafuta nachota kisimani.

Tukafika kwenye somo la abiria. Mwalimu alifunga kiroba cha mihogo kwenye kiti, akakilaza upande wa kushoto, kwa sababu ndivyo akina mama wa kwetu wanavyopanda: kwa upande, miguu yote miwili kushoto, baibui limekusanywa magotini. Nilikipitisha kiroba kwenye mabibo, kwenye mchanga, kwenye mashimo. Nikashuka nimevimba kichwa.

"Mama yako akiona mchanga anafanyaje?" mwalimu akauliza.

Jibu nililijua. Mama akiona mchanga haulizi. Anaruka huku pikipiki ingali inatembea, kandambili mkononi, anatembea kwa miguu mpaka ardhi ngumu, kisha anapanda tena. Akina mama wengi wa huku hufanya hivyo, ila mama alikuwa bingwa wao, na vijana wa bodaboda wa mtaani walikuwa wakimsifia.

"Kiroba hakiruki, dada," mwalimu akasema. "Yeye akiruka kushoto, wewe unabaki unayumba kulia katikati ya mchanga. Mtaumia wote."

"Nikienda polepole?"

"Nang'o," akakataa kwa Kimakonde, bila utani safari hii. "Apande kiume akushike, au umwitie bajaji."

Nilimwambia mama jioni hiyo, nikizunguka maneno kama mtu anayekwenda kuposa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mie nikamwambie mtoto wa watu ajisitiri," akasema, "halafu niingie harusini nimetanua miguu nyuma ya pikipiki? Nimepanda vyombo hivi wewe hata baiskeli huijui."

Nami hasira zangu ziko karibu. Nikamjibu kwamba basi bajaji zipo tele, na yeye akasema hilo ndilo alilokuwa analifikiria. Niliumia. Nilirudi kwenye cherehani nikavunja sindano.

Hata hivyo sikuacha mazoezi. Mwalimu alijifunga kanga, akapanda kiume nyuma yangu akijifanya mama, akilalamika kila shimo na kuniuliza nitaolewa lini. Nilicheka mpaka machozi, lakini nilijifunza jinsi abiria anavyokuwa mzigo mmoja na wewe akikubana kwa magoti, na jinsi pikipiki inavyotulia.

Asubuhi ya safari nilimwitia mama bajaji kama alivyotaka. Dereva akafika, akapiga honi. Mama akatoka na baibui lake jipya na kikapu chake cha udi na liwa, akamwambia yule dereva aende zake, asamehe usumbufu. Kisha akasimama mbele yangu, akatazama huku na huku, akainua pindo la baibui.

Alikuwa amevaa suruali ya marehemu baba. Ile ya kahawia, ya sikukuu. Ilikuwa imekatwa miguu na kupindwa kwa mkono, kwa uzi mweusi, mishono mirefu iliyokwenda kombo, kazi ambayo ningemtimua mwanagenzi wangu kwa ajili yake. Alikuwa ameshona peke yake chumbani, na mimi fundi niko chumba cha pili. Nikajifanya naangalia tairi.

"Usinitazame," akasema. "Washa."

Akasema bismillahi, akapandisha mguu. Tukatoka mjini. Kwenye lami alinishika bega kwa vidole viwili tu. Kwenye vumbi akashika mabega yote. Karibu na Msimbati njia ikageuka mchanga mweupe, mzito, na nikahisi usukani unaanza kucheza. Nilitupa macho mbali, nikalegeza mikono, nikavuta moto, na nikasubiri kile kiti kiwe chepesi nyuma yangu.

Hakikuwa chepesi. Magoti ya mama yalinibana, mikono yake ikanizunguka kiunoni, na tukaelea. Nilimsikia anasema kitu, nikadhani anasali.

"Nasema ongeza," akarudia sikioni mwangu.

Nikaongeza. Tulipita mchanga wote hadi ardhi ngumu, na mama alikuwa anacheka, kicheko ambacho sikumbuki nilikisikia lini mara ya mwisho.

Tulishukia mbele ya wanawake wote wa harusini. Vigelegele vikapigwa, na nilitembea kifua mbele bila aibu. Mama aliingia nyumba ya uani kujitengeneza kabla ya kuonana na bibi harusi. Alipotoka alikuwa somo tena, amejitanda, sauti yake imeshuka. Aliponipita alinitia mkononi ile suruali, imekunjwa ndogo ndani ya kanga.

"Tukirudi, ipinde upya kwa cherehani," akasema. "Na kiuno ukipunguze. Nitaivaa sana."