Mkono wa Khanga

Mimi nakimbia mkono wa kushoto nimeukunja kifuani, ngumi imebana. Kwetu Tanga hakuna aliyeniuliza sababu. Mbio nilijifunza kwa kutumwa dukani nimejifunga khanga kifuani, na mtoto wa kike khanga ikimdondoka njiani, heri asirudi nyumbani. Mama alikuwa akinipigia kelele kutoka mlangoni: "Shika nguo yako!" Basi nikashika, nikakua nimeshika, nikaja Joburg, Afrika Kusini, kuuza vitambaa mtaa wa Fordsburg, na mkono haujashuka. Mazoea yana tabu.

Klabu ya mbio ya Randburg, upande mwingine wa jiji, walifurahi waliponisikia naongea Kiswahili. Wakajua wamepata Mkenya. Nikawaambia mimi Mtanzania, tena wa pwani, mlima naujua kwenye picha. Wakaitikia kwa adabu, wakaniweka na wenye mbio kali. Haya, nani akatae heshima ya bure?

Kocha ndiye hakudanganyika. Mzee wa hapahapa, mkali, macho yake siku zote miguuni mwa watu. Alitukalisha mbele ya skrini akatuonyesha mabingwa wa marathoni kwa mwendo wa polepole: mguu unatua chini ya kiwiliwili, si mbele yake, hatua fupi za harakaharaka, mikono inapishana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Kisha akanigeukia. Miguu yangu haina neno, akasema, lakini mkono ule ni aibu. Timu ya mbio za kupokezana ilikuwa imebakiza nafasi moja ya mwanamke, na majaribio yangefanyika kwenye mwinuko wa Kensington. Mkono ushuke, la sivyo nisijisumbue kuja.

Nafasi hiyo niliitaka, wallahi. Nilichoka kuwa mgeni wa kukaribishwa kila siku. Nilitaka fulana ya timu mwilini mwangu.

Basi nikajirekebisha. Kila alfajiri nilikimbia na mwenzangu, msusi wa Kikongo kutoka Lubumbashi, yeye akiuchunga mkono wangu. Ukashuka kweli. Lakini jamani, na mbio zikashuka nao. Bega likayumba, hatua zikarefuka, visigino vikapiga lami puu, puu. Mwenzangu akasema nafanana na mtu aliyeazima viatu.

Siku ya majaribio nilianza mkono chini, mtoto mwema. Tulipofika kwenye robot, zile taa za barabarani katikati ya mwinuko, wenzangu watatu walikuwa wameshanipita, na kocha kule juu alishaacha kuniangalia. Nikapandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Msusi wangu alikuwa amesimama pale kwenye robot na chupa ya maji. Maji hakunipa. Akaniambia tu, "Dada, rudisha mkono yako fasi yake."

Nikaurudisha. Nikashika nguo yangu. Hatua zikawa fupi tena, miguu ikatua chini yangu kimyakimya, bega likatulia. Nikampita wa kwanza, nikampita wa pili. Wa tatu alisikia pumzi zangu akageuka, na anayegeuka nyuma mlimani huyo amekwisha. Nilifika juu peke yangu, nacheka kama mwehu.

Kocha akanirushia fulana. "Mkono huo," akasema, "usimruhusu mtu auguse. Hata mimi."

Wiki iliyofuata nilichelewa mazoezini. Nikawakuta klabu nzima wanapanda, wanaume kwa wanawake, watu wazima na saa zao za gharama, kila mmoja kakunja mkono wa kushoto kifuani, ngumi imebana. Walishaamua kwamba hiyo ndiyo siri ya Wakenya. Msusi wangu alikuwa amekaa kando ya barabara, mbavu hana. Nami nikacheka mpaka machozi, halafu kicheko kikaisha machozi yakabaki, maana mama hayupo tena wa kuiona Randburg nzima imeshika khanga. Nikavuta pumzi, nikawapigia kelele kwa sauti yake mwenyewe: "Shikeni nguo zenu!"