Kona Tuliyoibomoa Kisiwani

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa meza wala kiti. Mratibu wa miradi ya kanisa, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wetu pale Eldoret, alinichukua moja kwa moja hadi Plateau, kwenye mkutano wa wazazi waliotaka kujenga madarasa, akaniambia nikae nyuma na nisifungue mdomo.

"Kuongea kila mtu anaweza," alisema tukiwa njiani. "Wewe angalia wakiulizwa swali gumu wanamgeukia nani. Huyo ndiye utafanya kazi na yeye."

Nilikuwa msichana wa Bungoma niliyetoka chuo juzi tu, na nilidhani nimeajiriwa kuhutubia watu. Nilikaa nikatazama vichwa. Tuliporudi aliniuliza nimeona nini, nikamtajia mama mmoja mkimya aliyekaa karibu na mlango. Mratibu akatikisa kichwa kukubali, na kesho yake nikapata meza.

Cheo changu kiliitwa afisa wa uhamasishaji. Kwa lugha nyepesi, kazi ilikuwa kuwakusanya watu wajijengee wenyewe bila malipo. Kanisa lilitoa simenti, mabati na mbao. Wenyeji walitoa mawe, mchanga, maji na mikono yao, na hiyo tuliita sehemu ya wenyeji. Vijana wa siku hizi huniambia kujitolea ni moyo tu. Ni moyo, ndiyo, lakini pia ni mpango. Mtu akiacha shamba lake asubuhi, afike akute hakuna maji ya kuchanganya simenti, kesho hamtamwona. Kwa hivyo sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba mikono iliyokuja haikosi la kufanya.

Nilifanya hivyo Kapseret, nikafanya Plateau na vijiji vingi vya katikati, chini ya waratibu watatu waliofuatana. Lakini wageni wanaonitembelea hapa mtaani Pioneer, Eldoret, wakiniuliza ni mradi gani sijausahau, nawaambia ni wa kisiwani.

Kisiwa chenyewe kilikuwa mbali ndani ya Ziwa Victoria. Waumini wetu wengi Eldoret walikuwa wametoka upande wa ziwa kuja kutafuta vibarua na biashara, na fundi mmoja kati yao ndiye aliyeleta habari kwamba watoto wa kwao walivuka maji kila asubuhi kwenda shule ya ng'ambo, na kwamba boti ilikuwa imepinduka. Wengine waliokolewa. Wawili hawakuokolewa, na mmoja wao alikuwa mjukuu wa Mzee Ouma, mwenyekiti wa wavuvi wa ufuo ule.

Nilipofika, kwenye mkutano wa kwanza nilikaa nyuma kama nilivyofundishwa. Kila swali gumu lilipoulizwa, watu walimgeukia Mzee Ouma, na yeye kabla ya kujibu alimtazama Mama Atieno, muuza samaki aliyewaongoza wanawake. Nikajua hapa nina watu wawili.

Sijaona tena kazi kama ile. Wanaume walirudi kutoka ziwani, wakala, wakashika nyundo za kuvunja mawe. Wanawake walibeba mchanga kwa karai kutoka ufuoni hadi juu kwenye kiwanja, wakipokezana njiani bila kuitana. Kutoka Eldoret mafundi wa kanisa walikuja kwa zamu. Mmoja alikuwa Mkikuyu mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alifunga duka lake akaja kuchonga mawe na watu ambao hawakuelewa lugha yake, na siku ya kuondoka walimsindikiza hadi majini wakimwita shemeji.

Mzee Ouma aliomba kitu kimoja tu. Kona ya jengo iliyoelekea ufuo aliitaka iwe yake. Aliichimbia msingi mwenyewe na kupanga mawe yake mwenyewe, kwa ajili ya yule mtoto, na sisi tulimpitishia simenti tu.

Kuta zilipofika usawa wa madirisha, ofisi ilimtuma Mkaguzi wa majengo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mafundi walimwogopa. Alizunguka jengo na timazi, ile kamba yenye uzito chini inayoonyesha kama ukuta umesimama wima. Kwenye kona ya Mzee Ouma akapiga magoti. Ufa mwembamba kama uzi ulikuwa umepanda kati ya mawe. Akaomba sepetu, akachimba pembeni. Kona tatu zilikuwa zimekalia mwamba. Ile ya nne ilikalia udongo laini, na mvua ilikuwa imeanza kuulegeza.

Aliniita kando. "Hii kona itashuka," alisema. "Ibomolewe mpaka chini, na ukuta wa pande zake mbili."

Nikamweleza kona ni ya nani, na kwa nini.

"Pole," akasema. "Lakini ni watoto watakaa chini yake."

Nilielewa uzito wa jambo lile. Mtu wa mshahara ukimwambia abomoe atanung'unika, lakini atabomoa. Aliyejitolea hana kinachomshika. Nilikuwa nimeona mradi ukifa kwa jambo dogo kuliko hilo, watu wakaenda nyumbani kimyakimya na nyasi zikamea kwenye msingi. Niliogopa kwa kweli. Sikuitisha mkutano. Nilimwendea Mzee Ouma peke yake, nikamwambia yote bila kupunguza.

Alitembea hadi kwenye kona akaweka kidole kwenye ufa. Habari ilikuwa imeshaenea, na watu walianza kukusanyika nyuma yake, karai zikawekwa chini. Mvuvi mmoja akasema afadhali huyo Mkaguzi arudi na simenti yake, wao si punda. Wengine wakaunga mkono. Mama Atieno alimtazama mzee tu.

Mzee Ouma akageuka. Sauti yake haikuwa kubwa.

"Niliambiwa ile boti imezeeka," alisema. "Niliambiwa, nikasema itafika tu. Leo nimeambiwa tena. Mnataka niseme nini?"

Akapanda juu ya ukuta, akang'oa jiwe la kwanza, akamshushia Mama Atieno. Mama akalipokea, akampa aliyekuwa nyuma yake. Yule mvuvi aliyekuwa akilalamika ndiye alikuwa wa tatu kwenye mstari. Hakuna aliyeenda nyumbani siku ile.

Mkaguzi alikuwa arudi na boti ya jioni. Hakurudi. Alikunja mikono ya shati akaingia kwenye mtaro, na hakuondoka kisiwani hadi msingi mpya ulipogusa mwamba. Ndiye pia aliyetufundisha kufunga mshipi, yaani zege yenye vyuma inayozunguka jengo lote juu ya madirisha, ili kuta zishikane. Mawe ya kona yalipangwa upya na Mzee Ouma yuleyule. Shule ikafunguliwa, na watoto wakaacha kuvuka maji.

Mimi nilistaafu nikiwa nimesimamia majengo mengi mazuri kuliko hilo. Ukizeeka unajua ni watu gani uliowaheshimu kwa dhati, na mara nyingi si wale waliokupa amri. Kuwaomba watu nguvu zao si kazi ngumu sana. Watu wetu ni wakarimu. Kuwaomba wavunje walichojenga kwa mapenzi, wakavunja, kisha wakajenga tena, hilo nimeliona mara moja tu maishani.

Miaka michache iliyopita ziwa lilifura, likapanda kuliko mtu yeyote alivyokumbuka. Mchana mmoja Mama Atieno alinipigia simu. Alisema nyumba za ufuoni zote zimeingia maji, na watu wamehamia shuleni na vyombo vyao. Nikamuuliza maji yamefika wapi.

"Yako kwa ile kona," akasema. "Yanagonga hapo nje tangu asubuhi."

Nikamuuliza Mzee Ouma yuko wapi.

"Yuko hapo ndani. Ameegemea ukuta, amelala usingizi."