Iwashwe Ikiwa Baridi

Redio ilipomaliza kusoma matangazo ya vifo jana jioni, nilizima jiko nikakaa chini. Yule mzee wa Ogwedhi, bingwa wetu wa kupima mashine kuukuu, ametutoka. Wasomaji wa Migori mnamjua. Wa Homa Bay mliwahi kununua kitu alichokisifia, kwa hiyo mnamjua zaidi. Poleni. Tumepoteza mtu aliyeweza kutazama trekta iliyokatika katikati na kusema, "Hii bado inajikaza."

Fahari yake ilikuwa mashine ya kurusha marobota ya nyasi, iliyotoka shamba la mzungu aliyefunga virago kabla sijazaliwa. Robota huingia chini, mikanda miwili hulidaka na kulitupa juu ya trela, ambako sisi akina mama hulipanga. Kiangazi kimoja, ng'ombe wa mnadani wakililia nyasi, nilikwenda kufanya kibarua pale, mwanangu mgongoni. Nikaona mkanda mmoja umeshonwa kwa waya na springi imefungwa kamba. Nikauliza kwa adabu zangu zote za Form Four, "Mzee, hii kitu ni salama kweli?" Akaipiga kofi ubavuni kama anayesifu fahali, akaniita binti wa Oyugis kwa Kijaluo. "Nyar Oyugis, hii ni kubwa kuliko babako. Ingekuwa mbaya, si ingekuwa imekufa kitambo?" Wenzangu wakacheka. Nikamjibu kwamba hata nyanya yangu ameishi miaka mingi, lakini hatumpandishi paa kuezeka nyumba. Akacheka mpaka akakohoa.

Ujanja wake ulikuwa mmoja: hakuna mgeni aliyewahi kuiona ikiwashwa baridi. Ukifika, imeshanguruma tangu alfajiri, na mashine ikishapata moto, hata mbovu huimba. Siku hiyo iliimba vizuri mpaka saa ya chakula. Tukaizima, tukala, ikapoa. Mwanangu nilikuwa nimemlaza kwenye leso kando ya ua, nyuma kabisa ya trela, mahali ambapo wote tulikubaliana robota haliwezi kufika. Mzee akawasha. Mkanda ukateleza, ukashika ghafla, na robota likapita juu ya trela, juu ya vichwa vyetu, likatua juu ya leso. Nilipiga mayowe ambayo nadhani Narok waliyasikia. Kumbe mtoto alikuwa ameshatambaa kumfuata mbuzi. Mbuzi ndiye aliyemwokoa, jamani. Mzee akaja taratibu, akaitazama leso ikichungulia chini ya nyasi, akaniambia, "Umeona nguvu yake?"

Kile kikohozi hakikumwacha. Mara ya mwisho tulikutana sokoni Oyugis, kakonda, shati linapepea. Nikasahau hasira, nikamsihi aende hospitali. "Mwili huu ndio umenifikisha hapa, nyar Oyugis," akasema. Kweli ulimfikisha hapo, na hapo ndipo ulipokomea.

Leo tumemzika. Hotuba zilikuwa kama rangi mpya kwenye bodi la gari la zamani: marehemu hakukosana na mtu, marehemu hakukosea. Udongo haujakauka, ndugu yake akasimama kutangaza kwamba ile mashine inauzwa na haijawahi kuleta shida hata siku moja. Mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama, kinachotafuta mashine ya kununua, akanifinya. "Dada, tumepata!" Tumepata nini? Kitu kudumu ni habari ya jana. Hakituambii lolote kuhusu waya ulioshika mkanda leo, wala kikohozi kilicho kifuani. Na sisi hupenda kuuliza umri mahali pa kuuliza hali, kwa sababu umri hautuudhi.

Jumamosi chama kinakwenda kuitazama. Nitawatangulia, niweke kiganja juu ya injini. Ikiwa na joto, tunageuka na kurudi nyumbani. Ikiwa baridi, waiwashe tukiona, nasi tusimame mbali. Mwanangu nitamwacha kwa nyanya yangu, yule yule tusiyempandisha paa.