Mlango Uliopika Wali wa Matanga

Beberu wa Mwarandu aliingia tena. Kiponda alimkuta katikati ya banda la nailoni, amesimama kama mwenye nyumba, jani la mnyanya likining'inia mdomoni.

"Toka!"

Hakutoka. Kiponda akaokota jiwe. Hapo mbuzi akaondoka kwa mwendo wake, akapitia palipokuwa mlango, akaenda zake kwa kina Mwarandu, nyumba ya pili kutoka hapo, wala hakugeuka.

Mstari wa kwanza wa nyanya ulikuwa umebaki vijiti. Mstari wa pili, nao ndio wa mwisho, ulikuwa mzima bado, nyanya zake za kijani, kiasi cha ndimu. Marehemu mkewe, Nyamvula, alizipanda mwenyewe, amekaa mchangani kwa sababu miguu ilikwisha kumgomea, akijikokota kwa makalio kutoka shimo hadi shimo. Kiponda alimwambia aache. Hakuacha. Siku alipofariki miche ilikuwa haijafika gotini. Watoto Mungu hakuwapa. Kitu alichokiacha kikiwa bado kinakua kilikuwa hicho tu.

Kiponda hakutaka makubwa. Alitaka ziive. Ziive, akamue mbegu, apande tena.

Na mlango hakuna.

Banda lenyewe lilikuwa la kimaskini: paipu za maji zilizopindwa kama mgongo wa mzee, nailoni juu, na mbao za paleti kutoka bandarini Kipevu huku na huku. Jua la Junda lilikwisha kuipausha nailoni. Mlango lakini ulikuwa mlango. Nyamvula aliuunda kwa mkono wake, na bawaba akazikata kwenye tairi la lori aliloliokota Miritini, maana bawaba za chuma huliwa na chumvi mwaka haujaisha. Mlango huo uliliwa na moto, siku ya mazishi.

Wala haukuwa moto wa bahati mbaya. Kuni zilikwisha wali ukiwa nusu, na msimamizi wa masufuria alikuwa Mwarandu, kaka wa marehemu. Yeye na Kiponda ni walamu, na kwao mlamu ni mtani. Msibani mtani ana ruhusa yake mpaka matanga yaanuliwe. Atachukua kuku, atachukua kiti, atajilaza njiani jeneza lisipite mpaka apewe soda. Sharti moja tu: achukue akiimba, watu wasikie, kwa kuwa kuchukua kimya ni wizi. Na mwenye msiba akikasirika, aibu ni yake.

Basi Mwarandu alikwenda nyuma ya nyumba akiimba, akaung'oa mlango wa banda, akauvunja kwa goti, akautia chini ya sufuria. Watu walicheka. Kiponda alikuwa amekaa mkekani. Aliutazama ukiwaka. Wali ulipoletwa hakula.

Tangu hapo alijaribu gunia; mbuzi alilila. Akaegemeza bati, upepo wa kusi ukaliangusha, likachana nailoni. Sasa, mstari mmoja umekwisha, alivaa ndara zake akaenda kwa Mwarandu.

Mwarandu alikuwa barazani, mguu juu ya mguu. Mkewe, Gladys, alikuwa akipepeta mchele.

"Mlamu," akasema Kiponda.

"Naam, mlamu wangu! Leo umeikumbuka njia."

"Mlango."

"Mlango upi?"

"Unaujua."

Mwarandu akajipapasa tumbo. "Aa, ule! Ule uliiva pamoja na wali. Mimi nilipata ukoko wake. Mtamu, una ladha ya misumari."

Gladys akaangua kicheko. "Shemeji nawe! Kwani huna cha kuzibia pale? Si utundike leso ya marehemu? Ile ya buluu, pana."

Kiponda akamtazama mpaka kicheko kikamkauka.

"Funga mbuzi wako," akamwambia Mwarandu.

"Wamefungwa. Huoni?" Mwarandu akanyoosha kidole kwenye zizi. Lango lake lilikuwa jipya, mbao nene, limepakwa oili chafu kuzuia mchwa. Nyuma yake mbuzi walikuwa wamesongamana. "Namwachia huyu beberu peke yake. Ana uchungu, maskini. Alimpenda sana dada yangu."

"Nitamchinja."

"Thubutu! Mtani hakasirikiwi, mlamu. Matanga yataanuliwa Jumapili, siku ya arobaini. Mpaka Jumapili nikitaka nitakuja na kikapu nizichukue hizo nyanya zenyewe, mbichi hivyo hivyo, niwape mbuzi. Utanifanya nini?"

Kiponda alirudi kwake, akakaa kizingitini, akayatafuna yale maneno kama mtu anayetafuta mfupa ndani ya samaki. Mpaka Jumapili. Sawa. Lakini utani ni njia, na njia hupitwa kwenda na kurudi. Kama Mwarandu ni mtani wake, na yeye ni mtani wa nani?

Akainuka, akatafuta nyundo.

Alasiri ya siku ile Mwarandu alikuwa ameketi kwenye kilabu cha pombe ya mnazi, na Gladys alikuwa kisimani na wanawake wenzake. Wanawake wale ndio waliomwona Kiponda akipita na nyundo begani, na ndio waliomsikia. Alikuwa akiimba. Sauti yake ilikuwa mbovu, kama bati linaloburutwa, kwa kuwa tangu mazishi hakuwa ameitumia kwa jambo la maana. Wimbo ulikuwa ule ule wa Mwarandu. Akaufikia mwisho, akaanza tena mwanzo, huku akiling'oa lango la zizi. Akaliinamia, akalibeba mgongoni.

"Jamani, shemeji!" Gladys akapiga kelele. "Hilo ni lango letu!"

Kiponda akaongeza sauti.

Nyuma yake mbuzi walitazama palipo wazi. Kisha wakatoka wote, wakashika njia ya shamba la mihogo.

Lango lilizidi mlango wa banda kwa shubiri moja. Kiponda alilikata kwa msumeno, upande mmoja, bila kulionea huruma. Ubao ukishakatwa haurudi zizini. Bawaba hakuzitafuta. Mwarandu alipoung'oa ule wa kwanza, zile za tairi zilikataa. Zilibaki zimeshika mwimo, ndimi mbili nyeusi zikingoja.

Kazi ilimshinda hapo. Lango lilikuwa zito, na lilitaka kuinuliwa lisiburute mchanga ndipo lipigiliwe. Ule wa kwanza waliutundika wawili: Nyamvula alishika nyundo, Kiponda aliinua, tena kwa manung'uniko. Leo ainue nani? Aliweka mawe chini, mawe yakazama. Akajaribu goti, lango likateleza. Jasho likamwingia machoni. Akatukana kila aliyehudhuria msiba ule, mmoja mmoja, kwa jina.

"Mwizi!"

Mwarandu alikuja mbio, shati wazi, mnazi unamnukia. Akajipenyeza ndani ya banda.

"Niliimba," akasema Kiponda.

"Mbuzi wangu wamo kwenye mihogo ya Gladys! Wote!"

"Wana uchungu."

Mwarandu akaliinamia lango, akalidaka chini kwa mikono miwili, akalivuta juu kwa nguvu zake zote alipokonye. Lango likanyanyuka. Likaja sawasawa na bawaba ya juu. Msumari ulikuwa tayari kinywani mwa Kiponda. Akaupiga.

"Unafanya nini wewe?"

"Shikilia."

Mwarandu akazidi kuvuta, mishipa ya shingo imemtoka. Kiponda akainama, akapigilia bawaba ya chini, msumari mmoja, na wa pili. Mwarandu akavuta tena, kisha akakoma. Akaitazama mikono yake. Akaliachia lango kama aliyeshika kaa la moto, nalo halikuanguka. Lilining'inia juu ya mchanga, likicheza kidogo.

Nje wanawake wa kisimani walikuwa wamejipanga. Mmoja akacheka, wote wakafuata. Ngumi ya Mwarandu ikapanda.

"Mtani hakasirikiwi," akasema Kiponda.

Ngumi ikabaki juu, kisha ikashuka, si kwa kupenda.

"Jumatatu nitakuja kulichukua."

"Jumatatu ni wizi."

"Dada yangu angekuona leo angekutemea mate!"

"Dadako alinipa nyundo hii."

Mwarandu akatema yeye, mchangani, karibu kabisa na mstari wa nyanya. "Sikusamehe, mzee. Mpaka wanizike."

"Nami sikusamehe. Ukitoka, funga mlango."

Mwarandu alitoka, akaubamiza kwa nguvu zilizombakia zote, ili uvunjike. Ukagonga mwimo. Bawaba za tairi zikapokea pigo zikalirudisha, nailoni ikatetemeka kutoka huku hadi huku. Mlango ukashika.

Kiponda akatia komeo kwa ndani. Akaketi mchangani, makalio chini, miguu imenyooka mbele, akazipapasa nyanya moja moja. Hakuna iliyodondoka.

Nje beberu alikuja, akaunusa ubao wa zizi lake mwenyewe, akalia. Kiponda akamwacha alie.