Makopo ya Achari Juu ya Paa

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayoyakosea. Shule niliishia darasa la saba, na ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima. Lakini juzi nilifungua kopo la achari ya embe, harufu ya siki ikanipanda puani, nikajikuta nina miaka tisa tena, juu ya paa la jengo letu kule Satwa, mtaa wa wageni katika nchi ya Waarabu.

Mama alikuwa fundi cherehani, akishona abaya. Mimi nilikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya gauni lake. Kila Ijumaa asubuhi Kocha Okello, Mganda aliyelinda jengo la jirani, aliwafundisha watoto karate juu ya paa letu, katikati ya matangi ya maji. Nilitaka kuingia darasa lile kuliko nilivyotaka Idi ifike.

Kocha alipenda kutusimulia habari za mzee mmoja wa zamani wa Okinawa, kisiwa ambako karate ilizaliwa. Jina lake siwezi kuliandika sawasawa, basi naliacha. Utotoni alikuwa dhaifu, wa kuuguaugua. Mwalimu wake alimfagilisha uwanja kwanza, kisha akampa mitungi ya udongo aishike midomo kwa ncha za vidole na kutembea nayo. Miaka mitatu akafundishwa mfuatano mmoja tu wa mapigo. Hata alipozeeka, aliurudia kila alfajiri.

Kocha naye aliifuata desturi hiyo. Mitungi hakuwa nayo, kwa hiyo aliomba makopo makubwa ya achari kwenye kafeteria, akayajaza mchanga. Ukitaka kuingia darasani, utembee nayo mawili kutoka ukutani hadi tangi la mwisho na kurudi, bila kuyaweka chini.

Ijumaa ya kwanza niliyadondosha kabla ya tangi la pili. Ijumaa ya pili, vilevile.

"We, unatembea kama bata kwa lami ya moto," alisema Njeri, Mkenya wa miaka kumi na miwili. Watoto wakacheka.

Alhamisi iliyofuata nikapanda paani peke yangu na mabaki ya vitambaa vya Mama. Nikamwaga mchanga, nikashindilia vitambaa, juu nikafunika kwa mchanga kidogo. Kesho yake nilienda na kurudi bila kutweta.

"Kwani huyu amekula nini jana?" Njeri akauliza.

Kocha aliniangalia mikono, si uso. "Khalas, mwanangu. Umeingia. Panga mstari."

Nilisimama mstarini nikitaka kulia. Wengine walipoondoka nilitoa vitambaa vyote, nikarudisha mchanga. Ijumaa iliyofuata niliyashika makopo mbele ya wote, nikayadondosha palepale.

"Si ulishaingia wewe?" Njeri akashangaa.

"Bado," nikasema. Lilikuwa neno langu la kwanza la sauti juu ya paa lile.

Ilinichukua miezi minne. Vidole vilichubuka, Mama akavipaka mafuta bila kuuliza. Siku moja niliugusa ukuta nikiwa bado nimeyashika. Kocha aliendelea kuwahesabia wenzangu mapigo, ila alisogea kando nipate pa kusimama.

Nimekuwa mkubwa ndipo nikaelewa. Mikono aliyoiangalia siku ile haikuwa imetutumka mshipa hata mmoja. Alijua, akaniingiza, akaniachia mimi niamue.

Kama kuna anayejua maisha ya yule mzee wa Okinawa, naomba aniandikie. Nataka kujua kama naye, akiwa mdogo, aliwahi kupunguza alichobebeshwa. Jibu likichelewa si neno, nami husoma polepole.