Damu ya Ukoo wa Baba

Watu huniuliza kwa nini nilipenda somo la damu kuliko mengine yote ya udaktari. Huwa nawajibu kwa upole kwamba linavutia. Uongo mtupu. Nililisoma kwa hasira, nikimlenga shangazi yangu, dada wa baba.

Mdogo wangu alikufa kwa selimundu akiwa na miaka sita, nyumbani kwetu Kharumwa. Shangazi alitangaza palepale msibani kwamba mama ameleta damu mbovu kutoka kwao Songwa. Baba alinyamaza. Mama akafukuzwa kabla hata matanga hayajaisha, akakatazwa kukanyaga tena kaburi la mwanawe. Alikaa miaka kumi na moja bila kuliona.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, mhadhiri alituchorea ubaoni jinsi selimundu inavyorithiwa. Mtoto haugui mpaka apokee kasoro ile kwa baba na kwa mama, pande zote mbili. Wenzangu walinakili. Mimi niliweka kalamu chini. Kumbe baba naye alikuwa nayo muda wote, na aliyebebeshwa lawama ni mama peke yake!

Ningeweza kupiga simu nikaeleza yakaisha. Sikutaka. Nilitaka shangazi aaibike mbele ya watu walewale. Likizo ilipofika nilimpeleka baba hospitali kupimwa, naye hakubisha. Nadhani ule ukimya ulikuwa umemchosha. Majibu yalipotoka, aliniruhusu niyasome mbele ya ukoo.

"Bhebhe, wewe, soma upesi tukale," shangazi alisema. "Damu yetu inajulikana."

Nilisoma polepole. Nikarudia. Kisha nikaeleza maana yake kwa Kiswahili cha kawaida, asije akasingizia hakuelewa. Niliona uso wake ukishuka, nikafurahi. Sitajifanya mtu mwema.

"Sasa unataka nini, mwanangu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Umfuate mama Songwa wewe mwenyewe, shangazi. Umpigie goti, kama alivyokupigia siku ile unamfukuza."

Alikwenda, nami nikamsindikiza nihakikishe. Alipiga goti uani, kwenye vumbi, majirani wakitazama, akaomba radhi. Nilisubiri mama amwinue, maana ana huruma kuliko mimi. Hakumwinua. Aliingia ndani akachukua khanga, akatoka, akampita shangazi palepale chini, akaniambia, "Nipeleke kwa mwanangu."