Mashine Isiyotoa Shikamoo

Likizo iliyopita mama alinitoa kwetu mjini, Kikwajuni, akanipeleka shamba kwa bibi, kusini, eti nikatulie. Nilipangiwa kumenya muhogo. Siku ya pili akaja dada mmoja mtafiti kutoka mjini, na kishikwambi mkononi. Serikali imewapa yeye na wenzake fedha watengeneze mashine ya kuongea na wakulima wa mwani: unaiuliza habari za bahari, inakujibu kwa Kiswahili.

Kina mama wa mwani wakajaa barazani kwa bibi, macho yote kwake. Yeye ndiye mkubwa wao. Akikataa kitu, wote wamekataa.

Dada akabonyeza. "Karibu. Uliza swali lako," ikasema sauti ya kiume.

Bibi akaikazia macho. Tukangoja. Ikarudia.

"Nimeisikia," bibi akasema. "Na mie naingoja. Shikamoo yangu iko wapi?"

"Bibi, hiyo mashine tu," dada akasema.

"Mashine inajua kusema karibu, shikamoo haijui? Nani kailea?" Akakisukuma kishikwambi pembeni, na kina mama wote wakakunja nyuso kama yeye.

Dada alinifuata uani, karibu alie. Kina mama wakiikataa, alisema, ripoti itaandikwa hivyo hivyo na utafiti utafungwa. Kisha akaenda garini kumpigia bosi wake.

Mie nkamwonea huruma. Na ule muhogo nao ulishanichosha. Nkaingia ndani, nkajibanza nyuma ya dirisha lililo mgongoni kwa bibi, nkabana pua.

"Shikamoo bibi."

Bibi akakitazama kishikwambi. "Marahaba, mwanangu! Enhe, huyu sasa kalelewa. Haya nambie, kesho bahari vipi?"

Bahari mie naijua ya kuogelea tu. "Kesho jua kali, bibi. Pumzika. Na mjukuu wako naye apumzike, muhogo utamuumiza mikono."

Bibi hakugeuka. Aliita jina langu tu, kwa sauti ile ile ya kuniamshia alfajiri.

"Naam, bibi!" nkaitika. Pua bado nimeibana.

Kicheko kilichotoka hapo kilimrudisha dada mbio kutoka garini. Alinikuta nimeshatolewa nje, sikio langu liko mkononi mwa bibi.

"Mwanangu," bibi akamwambia, "mashine yako ije isome kwa huyu. Uvivu anao, uongo anao, lakini akiitwa anaitika, na shikamoo anatoa. Itie adabu, kisha uniletee tena."

Dada akaniketisha, nkarikodi "Shikamoo bibi" mpaka koo likakauka. Wiki ile ile akairudisha mashine ikiwa na sauti yangu. Bibi akauliza habari za bahari, akajibiwa, na kina mama wakapanga foleni nyuma yake.

Sasa nimerudi skuli, nawaringia wenzangu kwamba nafanya kazi serikalini. Bibi ananambia kwa simu kwamba kila asubuhi anabonyeza, mashine inampa shikamoo yake, naye anaijibu vizuri kabisa:

"Marahaba. Muhogo ushamenya?"